Kidole cha Sikujua

Kabla ya mashine tulikuwa na daftari,
jalada gumu, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa gunia.
Pembeni, nje ya mistari, niliandika kwa kalamu nyekundu:
*Jangwani maji yamefunga barabara, kafika saa nne.*
*Mtoto, Temeke, wodi ya watoto.*
*Msiba wa jirani. Jirani ndiye aliyemlea.*
Ukingo ule mweupe, upana wa vidole vitatu,
ndio uliokuwa ofisi yangu.

Wauzaji walikuja wawili, siku moja.
Nsia alitangulia, kompyuta yake imezungushiwa gundi ya karatasi.
Akatuonyesha ukurasa ambapo mpika sabuni
anaona mshahara wake umekatwa nini na kwa nini,
anaandika lalamiko, na chini yake linatokea
jina la aliyelisoma, na saa.
Mhasibu akauliza kama chai imekwisha.

Kisha Erasto, na ramani ya kiwanda.
Watu ni nukta za kijani.
Anayetoka getini anageuka mwekundu.
Anayekaa chooni zaidi ya dakika saba
anaanza kupepesa.
Mkurugenzi akavuta kiti mbele.
"Hapo pa kupepesa," akasema, "hebu rudia."

Nilikuwa katibu. Muhtasari una kurasa nne;
ungetosha mstari huo mmoja.

Hapa Chang'ombe watu husema mashine ndiyo iliyotuharibu.
Mimi sisemi.
Mlango wa choo cha wafanyakazi
haukuwahi kuwa na komeo
tangu mwaka nilioajiriwa.

Walibandua kibao changu cha *Utumishi*
wakapigilia *Rasilimali Watu*.
Kwenye orodha ya stoo rasilimali ni mawese,
kostiki, chumvi,
na sasa Sikujua Pazi.

Miaka kumi na tisa anakoroga kostiki,
mwezi huu glovu zipo, mwezi ujao hazipo.
Alipoweka kidole mashine ikasema: Jaribu tena.
Akakifuta kwenye suruali.
Jaribu tena.
Cha shahada, cha kati, gumba, mkono wa kushoto.
Nikamshika mkono, nikausogeza dirishani:
laini, kama kipande cha sabuni kilichosahaulika bafuni.
Kiwanda kimekula alama zake zote
halafu kinamuuliza yeye nani.

Akacheka. "Mama aliliona mapema.
Mashine ikiulizwa huyu ni nani,
ijibu tu: Sikujua."

Nilitafuta ukingo ndani ya mfumo. Hauna.
Una *Yupo*, una *Hayupo*,
una kisanduku cha msiba kinachouliza: mzazi, mwenza au mtoto?
Hakuna pa kuandika:
yupo, tangu alfajiri, msikilizeni anavyokohoa.

Basi nikaweka kidole changu,
kile kidogo cha kushoto ambacho hakina kazi,
kikasajiliwa kwa jina lake.

Tangu hapo, kila siku saa moja na nusu asubuhi,
naingia kazini mara mbili.
Desemba mfumo ulimtangaza Sikujua
mwahi kuliko wote.
Akapewa katoni ya sabuni aliyoipika mwenyewe,
na Mkurugenzi akampigia makofi
akimwita Bwana Sijali.

Machi nikalala na malaria siku mbili.
Niliporudi, barua ilikuwa mezani,
mfumo umeiandika wenyewe, usiku, bila kuulizwa:
*Ndugu Sikujua Pazi, hukuonekana kazini.*
*Hili ni onyo la kwanza.*
Nafasi ya sahihi: ya kwangu.

Kupitia sakafu nikasikia mwiko wake ukigonga pipa,
kama ulivyogonga jana, na juzi.
Karatasi ilikuwa na ukingo.
Nikaupima: vidole vitatu.

Nikafungua droo.
Kalamu nyekundu ilikuwa bado inaandika.